Pikapu ya Zamani Inayovuja Oili: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kushusha Giaboksi

Toyota Hilux zenye injini za dizeli za 2L, 3L na 5L, yaani za lita 2.4, 2.8 na 3.0, zimebeba mizigo katika mashamba, machimbo na barabara za vumbi za Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa, na nyingi bado zinaamka kila asubuhi kwenda kazini. Ni injini ngumu na rahisi kuzielewa, lakini zikifikia umri zilio nao leo, ni chache ambazo haziachi doa la oili chini zinapoegeshwa. Mwongozo huu unazihusu hizo hasa, ingawa mwenye pikapu nyingine ya miaka hiyo atakuta mengi yanayomfaa.

Hasara kubwa katika tatizo hili hutokana na kukisia. Fundi anaona oili inadondoka pale injini inapoungana na giaboksi, anatamka kwamba sili ya nyuma ya krankshafti (mpira unaozuia oili isitoke pale mhimili mkuu wa injini unapotokea nyuma) imekufa, giaboksi inashushwa, sili mpya inawekwa, na baada ya wiki moja tone linaonekana pale pale. Oili inayotoka juu ya injini huteremka kwa uzito wake na kusukumwa nyuma na upepo wa feni na wa mwendo, ikafuata kingo za bloku na vichwa vya bolti hadi ikapata mahali pa chini pa kudondokea. Kwa hiyo mahali palipolowa zaidi ni mwisho wa safari ya oili, na chanzo hutafutwa kwa kupanda juu na kwenda mbele kutoka hapo.

Hakikisha kwanza kwamba ni oili ya injini

Chini ya pikapu hudondoka vitu vingi, na kila kimoja kina dalili zake. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, na huacha alama nyeusi kwenye kitambaa cheupe. Oili ya giaboksi na difu ni nzito, mara nyingi ina rangi ya asali iliyokolea, na ina harufu kali ya kiberiti ambayo mtu akishainusa mara moja haipotei kichwani. Mafuta ya usukani wa pawa kwa kawaida ni mekundu, ingawa yakizeeka huwa ya kahawia. Dizeli inayovuja kwenye pampu au kwenye mipira ya kurudishia ni nyepesi, inanuka dizeli, na ina tabia ya kuosha uchafu unaopitia, kiasi kwamba njia yake huonekana safi kuliko sehemu zinazoizunguka. Mafuta ya klachi hutoka kwenye silinda ndogo iliyofungwa ubavuni mwa nyumba ya klachi, na kiwango chake kwenye kikopo hushuka.

Weka chini ya gari kipande kikubwa cha boksi usiku kucha, na kabla ya kukitoa asubuhi uchore juu yake mahali yalipo magurudumu ya mbele, kizibo cha sampu (bakuli la oili chini ya injini) na maungio ya injini na giaboksi. Boksi hilo litakuambia rangi, harufu na mahali pa matone. Ikiwa boksi limebaki safi kwa siku kadhaa lakini kiwango cha oili kwenye kijiti cha kupimia kinaendelea kushuka, angalia moshi wa ekzosi: moshi wa rangi ya samawati unaonyesha kwamba oili inaungua ndani ya silinda, na hilo ni tatizo jingine kabisa.

Kuosha, kupaka poda na kutazama

Hakuna mtu anayeweza kuona uvujaji mpya juu ya tope la oili na vumbi lililoganda kwa miaka. Injini ikiwa imepoa, funika alteneta na mdomo wa kuingizia hewa kwa mfuko wa nailoni, kisha usugue bloku, sampu na nyumba ya klachi kwa brashi na mafuta ya taa au sabuni ya kuondolea grisi, na umalizie kwa maji kidogo. Petroli isitumike kwa kazi hii, kwa sababu mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu ya umeme. Tope lenyewe lina ushahidi, kwa hiyo litazame kabla ya kulikwangua: pale lilipo kavu na gumu uvujaji ni wa zamani au umekoma, na pale lilipo laini, jeusi na lenye kung'aa oili ingali inafika.

Injini ikishakauka, pulizia poda ya watoto juu ya maungio yote unayoyashuku: ukingo wa tapeti kava (kifuniko cha juu kabisa cha injini), nyuma ya silinda hedi iliyo chini yake, kuzunguka swichi inayowasha taa ya oili, chini ya alteneta, na maungio ya sampu. Washa injini, iache ipate joto, endesha kama nusu saa, kisha urudi na tochi na kioo kidogo. Oili itakuwa imechora mstari mweusi juu ya weupe wa poda, na ncha ya juu kabisa ya mstari huo ndiyo unayoitafuta. Uvujaji mdogo sana unaweza kuhitaji siku mbili au tatu za kazi ya kawaida kabla haujajionyesha, na subira hiyo ni nafuu kuliko gasketi yoyote.

Dalili: oili inadondoka kati ya injini na giaboksi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu sehemu hii hupokea oili kutoka vyanzo visivyopungua vitano, na sili ya nyuma ya krankshafti ni kimoja tu kati yao. Kagua kwa mpangilio, ukianzia juu.

Nyuma ya silinda hedi, karibu na ukuta unaotenganisha injini na kabini, kuna kizibo cha mpira chenye umbo la nusu mwezi ambacho hukaa kwenye mfereji wake chini ya tapeti kava. Mpira huo hupigwa na joto miaka yote, hukakamaa, husinyaa, na oili hupita kwenye kona zake mbili. Kwa kuwa hauonekani ukisimama mbele ya gari, husahaulika; tapeti kava hufungwa gasketi mpya juu ya nusu mwezi ya zamani, na oili huendelea kuteremka mgongoni mwa bloku hadi juu ya nyumba ya klachi, ikazunguka na kudondokea chini kabisa, mahali pale pale ambapo oili ya sili ya nyuma ingedondokea. Ingiza kioo nyuma ya hedi, kisha upitishe kidole chini ya ukingo wa kava. Kidole kikitoka na oili mbichi wakati mgongo wa bloku umeloa kuanzia hapo kushuka, usiendelee kuilaumu sili ya nyuma.

Dawa yake ni nafuu. Toa tapeti kava, ng'oa kizibo cha zamani, futa mfereji hadi uwe mkavu kabisa bila chembe ya silikoni ya zamani, paka silikoni mpya ya injini kwa safu nyembamba ndani ya mfereji, kisha ukandamize kizibo kipya hadi kilingane na uso wa hedi. Weka tone dogo la silikoni kwenye kila kona ambapo kizibo kinakutana na hedi. Gasketi yenyewe ya tapeti kava haihitaji kupakwa silikoni pande zote, na ninasisitiza hili kwa sababu silikoni inayozidi hubanwa kuelekea ndani, hukatika vipande, na vipande hivyo huweza kufika kwenye chujio la pampu ya oili. Nati za kava hukazwa kwa mkono mwepesi, zamu kwa zamu. Anayezikaza kwa nguvu ili kuzuia uvujaji huipinda kava ya bati na kuuongeza. Ikiwa kava imeshapindwa, ilaze juu ya kioo cha dirisha uone pale inaponyanyuka.

Baada ya hapo angalia swichi ya oili, au kipimo chake ikiwa dashibodi yako ina mshale wa presha. Uvujaji wake hutokea katikati ya mwili wa swichi, pale plastiki inapokutana na chuma, na plagi ya waya hukutwa imejaa oili. Swichi ya namna hiyo hubadilishwa, haizibwi. Unapofunga mpya usizungushie nyuzi zake za kukazia utepe mwingi wa kuziba, kwa kuwa swichi hupata umeme wake hasi kupitia bloku, na utepe mnene unaweza kuikatia njia hiyo, taa ya oili ikakosa kuwaka wakati wa hatari.

Maungio ya sampu yanapopanda kwenye kona za nyuma nayo ni mahali pa kutazama, hasa kama sampu iliwahi kufunguliwa na kurudishwa haraka bila kukaushwa vizuri.

Vyote hivyo vikiwa vikavu, sasa ndipo zamu ya nyumba ya klachi inapofika. Chini yake kuna uwazi mdogo au bamba jembamba linaloweza kulegezwa. Funga kitambaa cheupe kwenye ncha ya waya, ukiingize ndani kwa uangalifu injini ikiwa imezimwa, na uguse upande wa injini. Kitambaa kikitoka na oili nyeusi huku mgongo wa bloku kwa nje ukiwa mkavu, sili ya nyuma au gasketi ya kishikio chake inavuja. Kikitoka na oili yenye harufu ya kiberiti, tatizo ni sili ya mbele ya giaboksi, na kubadilisha sili ya injini pekee hakutasaidia chochote. Klachi inayoteleza ukiwa na mzigo mlimani, pamoja na harufu ya kuungua, ni dalili kwamba oili imeshafika kwenye sahani yake.

Ikibidi giaboksi ishushwe, kazi ifanywe mara moja kwa ukamilifu. Badilisha sili ya nyuma pamoja na gasketi ya kishikio chake, sili ya mbele ya giaboksi, na bearing ya klachi. Sahani ya klachi iliyolowa oili nayo isirudishwe. Kisha pitisha ukucha juu ya krankshafti mahali mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, sili mpya ikikaa katika mfereji huo huo itavuja mapema, kwa hiyo mafundi wazoefu huiingiza kwa kina kinachotofautiana kidogo na cha mwanzo ili mdomo upate chuma ambacho hakijachimbwa, mradi ikae sawa pande zote. Paka mdomo wa sili oili safi kabla ya kuifunga, na usiigonge upande mmoja kwa nyundo.

Dalili: oili chini ya alteneta, chaji hafifu au breki nzito

Injini za familia hii zina pampu ya vakyum (ya kufyonza hewa) mgongoni mwa alteneta, ambayo huisaidia breki kuwa nyepesi. Pampu hiyo hulainishwa na oili ya injini: bomba jembamba huleta oili yenye presha, na mpira mnene huirudisha chini kwenye injini. Mpira wa kurudishia ndio unaokakamaa na kupasuka, mara nyingi pale klipu inapoubana, na kwa kuwa upo chini ya alteneta, oili yake hutapakaa ubavu mzima wa bloku na kumfanya mtu adhani kwamba gasketi ya silinda hedi imekufa. Badilisha mpira kwa ule unaohimili oili na joto. Mpira wa maji wa kawaida utavimba na kulainika ndani ya muda mfupi, hata kama kipenyo chake kinalingana.

Kama oili inaonekana ndani ya alteneta yenyewe na chaji imeanza kupungua, sili iliyo kati ya pampu na alteneta imechoka. Hapo alteneta ifunguliwe, isafishwe, brashi za kaboni zikaguliwe na sili ibadilishwe. Tafadhali usilichukulie hili kama uchafu tu, na usikubali ushauri wa kuziba bomba la oili ili uvujaji ukome: pampu isiyopata oili hujila yenyewe, vakyum hupotea, na pedeli ya breki huwa ngumu kama jiwe siku ambayo gari limebeba tani moja kwenye mteremko.

Dalili: oili mbele ya injini, kwenye kava ya mkanda wa taimingi

Oili inayotoka chini ya kava ya taimingi ina vyanzo vitatu vya kawaida: sili ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) juu, sili ya mbele ya krankshafti chini, na ringi ya mpira ya pampu ya oili inayokaa mbele ya bloku. Fungua kava ya juu utazame. Ukikuta unyevu nyuma ya gia ya kamshafti, mkosaji yuko juu. Kama juu ni kavu na chini kumeloa, tatizo liko kwenye krankshafti au pampu.

Uvujaji huu ni mdogo kwa kiasi lakini haufai kusubiri, kwa sababu oili hulainisha na kuharibu mpira wa mkanda. Mkanda ukikatika au kuruka meno katika injini hizi, valvu hukutana na pistoni. Mkanda uliolowa haufutwi na kurudishwa, hubadilishwa, na kazi hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kubadilisha sili zote za mbele pamoja na rola ya kukazia. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na sili mpya zinapofungwa kwa wakati huo huo hazidai ufundi wa ziada. Unaponunua spea Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ikamate sili mkononi kabla ya kulipa: mdomo uwe laini na usio na michubuko, springi nyembamba iliyo ndani iwe imekaa mahali pake, na mpira usiwe umekakamaa kwa kukaa dukani.

Dalili: uvujaji mkubwa ulioanza mara tu baada ya kubadilisha oili

Zima injini mara moja. Sababu ya kwanza ya kutazama ni filta, ambapo ringi ya mpira ya filta ya zamani huweza kubaki imeganda kwenye bloku, na filta mpya ikafungwa juu yake. Ringi mbili zilizopandana hushikilia kwa muda, kisha presha ikipanda moja hutoka na oili humwagika kwa wingi ndani ya dakika chache. Fungua filta, kagua, futa uso wa bloku, paka oili kwenye ringi mpya, na ukaze kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Baada ya hapo tazama wosha ya kizibo cha sampu, ambayo inapaswa kuwa mpya, na nyuzi za sampu, ambazo huenda zimeliwa na mtu aliyekaza kupita kiasi. Oili iliyojazwa kupita alama ya juu nayo hutafuta njia ya kutokea, kwa hiyo pima kwanza kabla ya kufungua chochote.

Dalili: injini inavuja kila mahali

Injini inayolowa mbele, nyuma na juu kwa wakati mmoja, au inayovuja tena wiki chache baada ya kufungwa sili mpya, kwa kawaida ina presha ndani ya bloku. Gesi kidogo hupita kando ya ringi za pistoni katika kila injini, na hutolewa kupitia mpira wa pumzi unaotoka kwenye tapeti kava kwenda kwenye njia ya hewa. Mpira huo ukizibwa na masizi au ukikunjwa, presha husukuma oili kupitia sili iliyo dhaifu kuliko zote. Utoe, uuoshe, upulize uone kama hewa inapita.

Kisha, injini ikiwa ya moto na ikinguruma taratibu, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiweke kinyume juu ya tundu lake. Kutetemeka kidogo ni kawaida kwa dizeli. Kikirushwa pembeni, au moshi ukitoka kwa misukumo mizito, ringi au silinda zimechoka, na kipimo cha kompresheni kwa kila silinda ndicho kitakachothibitisha. Kwa maoni yangu kipimo hiki kingepaswa kutangulia kila kazi ya sili kwenye injini iliyokwenda kilomita nyingi, kwa kuwa mwenye gari ana haki ya kujua kama anatengeneza uvujaji au anaahirisha matengenezo makubwa ya injini.

Oili nzito, dawa za chupa, na uvujaji wa kuachwa

Kubadilisha kutoka oili ya 15W-40 kwenda 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, hupunguza matone katika maeneo ya joto, lakini haizibi kitu, na katika nyanda za baridi kama Njombe au Limuru hufanya oili ichelewe kupanda juu asubuhi. Dawa za kuzuia uvujaji huvimbisha mpira wa sili uliosinyaa, kwa hiyo zinaweza kununua miezi kadhaa kwa sili inayotoa unyevu tu. Hazifanyi lolote kwa mpira uliopasuka, nusu mwezi iliyokakamaa au sampu iliyopinda.

Upo pia uvujaji ambao ni busara kuuacha. Sili ya nyuma inayoacha tone moja au mawili kwa usiku, klachi ikiwa haitelezi na kijiti kikionyesha kiwango kisichobadilika sana kwa wiki, inaweza kusubiri hadi siku ya kubadilisha klachi. Usiache kamwe oili inayodondokea kwenye ekzosi, kwa hatari ya moto, inayofikia mkanda wa taimingi, inayotoka kwenye pampu ya vakyum, au inayofuatana na taa ya oili kuwaka.

Baada ya kutengeneza, acha silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu yake kabla ya kujaza oili, osha tena sehemu uliyofanyia kazi, na upake poda upya. Kagua baada ya kilomita 50, kisha baada ya 500, ukipima oili kila mara gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Kwa pikapu inayotembea kwenye barabara za rasta, gusa tena nati za tapeti kava na bolti za sampu katika ukaguzi huo wa pili, kwa spana fupi, ukihakikisha tu kwamba hakuna iliyolegea.